Raha ya Jukwaa kwa Wasiosomea Jukwaa

Juni 1977, katika kijiji cha Kamirithu huko Limuru, watu walianza kufanyiwa usaili wa kuigiza mchezo. Usaili huo ulifanyika nje, kwenye uwanja mtupu, mchana kweupe. Aliyetaka kuigiza alisimama mbele ya majirani zake, akayasema maneno aliyopewa, na majirani wakatoa maoni yao papo hapo. Walikuwamo vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi, vijana wasio na kazi, na akina mama waliokuwa wamejifunza kusoma juzijuzi tu katika darasa la ngumbaru. Wengi wao hawakuwa wamewahi kutia mguu katika ukumbi wa michezo ya kuigiza. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo walipanda jukwaani na Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Historia ya mchezo huo imesimuliwa mara nyingi kama historia ya siasa, na ni haki, kwa sababu uliishia kwenye amri ya mkuu wa wilaya na mlango wa gereza. Lakini upo upande ambao hupitwa haraka mno. Wale watu walifurahi. Walifurahi furaha ambayo mtu aliyefundishwa sanaa kwa miaka mingi huitafuta na pengine asiipate, na ninaamini chanzo chake kilikuwa hasa namna walivyofika jukwaani: bila cheti, bila mwalimu wa sauti, huku wakitazamwa na watu waliowajua kwa majina tangu wakiwa wadogo.

Ili kuelewa uzito wa jambo lile inafaa kukumbuka Nairobi ilikuwaje. Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza ulifunguliwa mwaka 1952, wakati wa ukoloni, na hata zaidi ya miaka kumi baada ya uhuru ratiba yake ilikuwa bado mikononi mwa watu waliopenda michezo ya London kuliko ya Wakenya. Oktoba 1976, Mzalendo Kimathi, mchezo ambao Ngugi wa Thiong'o aliuandika na Micere Githae Mugo, ulipewa siku chache tu katika ukumbi ule, kwa kuwa michezo ya wageni ilikuwa imekwisha kupangiwa nafasi. Siku ya ufunguzi watazamaji walikataa kuondoka kimyakimya. Waliinuka vitini, wakajiunga na waigizaji katika wimbo wa mwisho, wakatoka nao wakicheza hadi barabarani, mbele ya hoteli ya Norfolk. Kwa dakika chache hakuna aliyeweza kusema nani mwigizaji na nani mtazamaji.

Kamirithu iliuchukua mpaka ule uliokuwa umebomoka kwa bahati, ikaubomoa kwa makusudi.

Kijiji chenyewe kilizaliwa kwa taabu. Kilikuwa miongoni mwa vijiji ambamo serikali ya kikoloni iliwasukumia watu wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau msituni. Kituo cha vijana kilichokuwapo kilikuwa kibanda cha udongo na uwanja wa nyasi. Mama mmoja wa kijiji ndiye aliyemwendea Ngugi wa Thiong'o nyumbani kwake, akarudi, na akarudi tena, kumwambia kwamba mtu aliyesoma hana haki ya kukaa karibu na kijiji bila kukisaidia. Kazi ikaanza na kisomo cha watu wazima mwaka 1976. Walipokwisha kujua kusoma na kuandika likaja swali la nini kifuate, na jibu likawa utamaduni: ngoma, nyimbo, mchezo.

Rasimu ya mchezo ilikuwa tayari kwa kusomwa mwaka uliofuata, na hapo ndipo shule ya kweli ilipofunguliwa. Waandishi walidhani wameandika mchezo. Wanakijiji walidhani wameletewa kitu cha kurekebishwa. Mzee aliyesikia mhusika wa rika lake akizungumza kama kijana alisimama akasema wazee hawasemi hivyo. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kazi inavyokwenda kwenye mashine, hatua kwa hatua, jasho na vumbi, wakisahihisha sehemu zilizokuwa zimeandikwa na mtu asiyewahi kushika zamu. Waliokuwa msituni miaka ya 1950 walionyesha jinsi bunduki za kienyeji zilivyotengenezwa. Na sherehe ya kiasili ya harusi, yenye majibizano marefu ya nyimbo kati ya upande wa bwana na upande wa bibi harusi, ilipatikana kutoka kwa mama asiyejua kusoma hata herufi moja. Yeye ndiye aliyewapitisha waandishi wawili na mwongozaji wa mchezo, Kimani Gecau, mhadhiri wa chuo kikuu, katika kila pokezano la ule wimbo. Siku hiyo chuo kikuu kilikaa chini kikafundishwa.

Mazoezi yalikuwa wazi mwanzo hadi mwisho. Aliyetoka dukani alisimama, akatazama, akaweka mzigo chini. Watoto walikaa mbele. Mwigizaji akikosea, mtu alicheka. Akipatia, mtu aliitikia. Kuna waongozaji ambao wangeuona utaratibu huo kuwa adhabu, maana mwigizaji mchanga anahitaji faragha ya kukosea. Nami ninauheshimu wasiwasi wao. Lakini tazama utaratibu huo ulifanya nini. Kufikia siku ya ufunguzi hofu ya jukwaa ilikuwa imekwisha kuchakaa, kwa sababu hapakuwa na siku moja ya kuogopa. Kila wiki ilikuwa onyesho. Na watazamaji walikuwa wameyashika maneno. Majina ya wahusika yalianza kutumika mitaani: bepari fulani akaitwa kwa jina la tajiri wa mchezoni, na kila mtu akaelewa. Mtu akipanda jukwaani mbele ya umati unaojua mistari yake kuliko anavyoijua yeye, hawezi kupotea. Watamrudisha.

Jukwaa nalo lilijengwa na mikono ileile. Aliyeongoza kazi ya kulibuni alikuwa tarishi wa ofisi. Yeye na wenzake walipanga njiti za kiberiti ardhini, wakazipangua, wakazipanga upya, kisha wakatengeneza mfano mdogo, na kutokana na mfano huo wakajenga ukumbi wenyewe: jukwaa la nusu duara lililoinuka, ukuta wa mianzi nyuma yake, nyumba ndogo ya kubadilishia mavazi na kuhifadhi vifaa, na viti virefu vya mbao vilivyopanda kama ngazi, vya kutosha watu zaidi ya 2,000. Hapakuwa na paa. Mwigizaji aliweza kutoka jukwaani akapita katikati ya watu na kurudi, kwa kuwa viti na jukwaa vilikuwa karibu kitu kimoja.

Nyuma ya viti ilisimama mikaratusi mirefu. Katika onyesho mojawapo, waigizaji kadhaa waliona wakati wimbo umepamba moto kwamba jukwaa haliwatoshi. Bila mtu kuwaelekeza, bila jambo hilo kupangwa katika mazoezi, waliipanda ile miti na kuendelea kuimba wakiwa juu matawini. Ngugi ameandika kwamba kutoka huko hawakuwa wakiwaimbia waliokaa vitini peke yao. Walikiimbia kijiji kizima, watu wapatao 10,000. Nimesoma vitabu kadhaa vya nadharia ya uigizaji vinavyoeleza uhuru wa mwigizaji, na sijui ukurasa unaoueleza vizuri kuliko wale watu juu ya mikaratusi. Mwigizaji mwenye diploma angejiuliza kwanza kama sauti itafika, kama mwongozaji atakasirika, kama tukio linakubaliana na mtindo wa mchezo. Wao waliimba tu, maana wimbo ulikuwa wao na mti ulikuwa wao.

Siku nyingine mvua ilinyesha katikati ya mchezo. Waigizaji wakasimama, watu wakatafuta pa kujibanza, mvua ikapusa, mchezo ukaendelea. Ikanyesha tena. Mara ya tatu pia. Hawakuondoka. Limuru ni baridi, na mvua ya huko haina huruma kwa mtu aliyelowa. Watu wale walingoja kwa sababu aliyekuwa jukwaani alikuwa mwana wa fulani, kibarua mwenzao, na walitaka kuona jinsi atakavyoumaliza mchezo.

Furaha ya aina hii haikuanzia Limuru, na wala si mali ya Kenya. Ukanda wetu umekuwa nayo muda mrefu, hasa katika vichekesho. Tangu enzi za ukoloni, miji ya pwani ya Tanganyika ilikuwa na wachekeshaji waliovaa makoti makubwa kupita miili yao, suruali pana zilizofungwa kamba, kofia zilizobonyea, nyuso zimepakwa rangi. Watafiti huwahusisha na filamu bubu za Charlie Chaplin zilizokuwa zikionyeshwa mijini, lakini waliyoyaigiza yalikuwa ya mtaani: mshamba aliyefika mjini akatapeliwa, mume mwenye wivu, mganga muongo, mzee anayetaka kuoa kigoli. Mwanamume alijitanda khanga akawa mke, na watu wakashika mbavu.

Kichekesho cha aina hiyo hakina maandishi. Wachekeshaji hukaa dakika chache pembeni, wakakubaliana kisa kinaanzaje na kinaishaje, na nani atatoka lini. Kilichobaki katikati huzaliwa jukwaani. Hapo kuna sanaa ngumu sana, ingawa haifundishwi darasani. Mmoja anatupa neno, mwenzake lazima alidake kabla halijaanguka, alitie chumvi, alirudishe. Watu wakicheka, tukio hurefushwa. Wakinyamaza, hukatwa, linakuja jingine. Mchekeshaji hujifunza kusikiliza kwa mwili mzima, kwa sababu kama hakusikiliza atazomewa, na kuzomewa mbele ya watu wa mtaa wako ni jambo la kukumbukwa wiki nzima. Mtu anaweza kujifunza kwa miaka mitatu katika chuo namna ya kupima pumzi ya ukumbi. Mchekeshaji wa Kariakoo aliijua kwa sababu chakula chake cha jioni kilitegemea pumzi hiyo.

Amri Athumani wa Tanga, ambaye Afrika Mashariki yote ilimjua kama King Majuto, alianza kuigiza akiwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, akaendelea hadi karibu na kifo chake Agosti 2018. Ukimtazama katika filamu za miaka yake ya mwisho utaona bado anacheza na watu wasioonekana mbele yake. Anamaliza sentensi, anatulia, anageuza jicho, na kile kituo kifupi kina urefu wa kicheko cha ukumbi uliojaa. Kamera haichekei mtu. Yeye aliuacha wazi ule muda kwa ajili ya vicheko vya watu wa zamani, na mtazamaji aliyekaa sebuleni kwake Mombasa au Bujumbura akaujaza.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mashirika ya umma, majeshi na viwanda nchini Tanzania vilianzisha vikundi vya sanaa, na humo wakaingia wafumaji nguo, askari, makarani na madereva. Baadaye vikaja vikundi vya kujitegemea kama Muungano, na mwaka 1992 Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba. Onyesho moja la jioni lilikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu, na msanii yuleyule angeweza kuonekana katika vitu vitatu. Aliyeingia kama mpiga ngoma akagundua kwamba anaweza kuchekesha. Aliyeletwa kucheza akajikuta anaimba. Watu waliinuka vitini wakapita mbele kumtunza msanii, wakimwekea noti mkononi au kifuani, na wakarudi mahali pao wakitembea kwa madaha, nao wakiwa wametazamwa. Hilo nalo lilikuwa onyesho. Aliyekwenda kutunza alipata sekunde zake za jukwaa, na wengi walivaa kwa ajili ya sekunde hizo.

Hata watoto wa shule walikuwa na lao. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipa nguvu baada ya Azimio, ziliwasimamisha mamilioni ya watoto wa Tanzania mbele ya wazazi na viongozi wajibizane kwa beti, mmoja mjinga na mwingine mwerevu, kwa mikono ya kuashiria na vichwa vya kutikisa. Nchini Kenya tamasha la michezo ya kuigiza la shule limekuwapo tangu mwaka 1959. Ukimwuliza mtu mzima wa nchi hizi mbili ni lini mara ya mwisho watu 200 walimnyamazia wakamsikiliza, mara nyingi atakutajia siku ya shule. Huwa ananyooka mgongo anapokutajia. Jibu hilo hunihuzunisha, kwa sababu lina maana kwamba jukwaa alilopewa akiwa na miaka kumi na mbili lilichukuliwa akiwa na kumi na minane, na hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kulirudia.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Ninaposema bila kusomea, sisemi bila kufundishwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, akazunguka akiuza vyungu na kuita wateja kwa sauti. Sauti hiyo ilifika mbali, na alipohamia mjini mwaka 1911 alikutana na wapiga ala waliomfundisha kufuata udi na fidla, na kuimba kwa mpangilio. Walimu hao walikuwa wanamuziki wenzake, na darasa lao lilikuwa barazani usiku, vikombe vya kahawa vikizunguka. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Wasikilizaji wake wa Ng'ambo, wengi wao wakiwa watu ambao wazazi wao walikuwa watumwa, walimletea habari za mahakamani na za mitaani, naye akazigeuza nyimbo. Nani alikuwa mwalimu na nani mwanafunzi pale? Watu walimletea kisa, yeye akawarudishia wimbo, nao wakamwambia kama amepatia.

Na msichana mmoja alikuwa akisikiliza. Fatuma binti Baraka, yule Bi Kidude, alizishika nyimbo za Siti kwa masikio. Alikimbia ndoa aliyolazimishwa, akatembea huku na huko kwa miguu akiimba na kupiga ngoma, akauza wanja na hina, akawa nyakanga wa unyago mwenye kuheshimiwa. Dunia ilimjua akiwa bibi mzee. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, jambo kubwa kwa muziki wa dunia, na alipofariki Aprili 2013 hakuna aliyekuwa na hakika ya umri wake. Aliyemwona akiwa na ngoma yake ndefu imefungwa kiunoni, anaipiga amesimama, anaimba kwa sauti iliyokwaruzwa na miaka na sigara, hakuhitaji kuelezwa raha ya jukwaa ni nini. Alikuwa anaimba tangu kabla ya wasikilizaji wake wengi kuzaliwa, na bado alionekana kama mtu aliyepewa zawadi asubuhi hiyo.

Nimefikiri sana ni kitu gani hasa wanachopata. Sifa ni sehemu, na si dhambi kupenda sifa. Lakini naona kuna jambo jingine. Kibarua wa shamba la chai hupimwa kwa kilo alizochuma. Mfanyakazi wa kiwandani hupimwa kwa jozi za viatu. Siku nzima mtu huyo hutazamwa na msimamizi anayetafuta kosa. Akipanda jukwaani, hutazamwa na watu 2,000 wanaotafuta kitu kingine kabisa: wanataka ajae, azidi, aonyeshe alicho nacho. Macho ni yaleyale ya binadamu, lakini yamegeuka kazi. Nadhani mwili huijua tofauti hiyo kabla ya akili. Mgongo unanyooka, kifua kinapanuka, sauti iliyozoea kusema ndiyo bwana inatoka ikiwa na urefu ambao mwenyewe hakuujua. Aliyesomea sanaa hupitia hayo darasani polepole, kwa mazoezi ya pumzi na ya kusimama. Asiyesomea yanamjia yote kwa mkupuo mmoja, mbele ya mama yake. Ndiyo maana wengi hulia wakishuka.

Wenye madaraka waliitambua nguvu ya furaha ile ya Kamirithu kuliko wahakiki. Tarehe 16 Novemba 1977, wiki chache tu baada ya ufunguzi, mkuu wa wilaya ya Kiambu alifuta kibali cha Ngaahika Ndeenda. Kufikia hapo watu walikuwa wakija kwa mabasi na matatu za kukodi kutoka mbali. Usiku mmoja mwishoni mwa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake, akawekwa kizuizini Kamiti bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978.

Wanakijiji hawakuwa wamemaliza. Mwishoni mwa mwaka 1981 walianza mazoezi ya mchezo mwingine, Maitu Njugira, wenye nyimbo za lugha kadhaa za Kenya, wakitaka kuupeleka kwenye Ukumbi wa Taifa wa Nairobi. Kibali hakikutolewa na milango ya ukumbi ikafungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kuendelea na mazoezi, na kwa kuwa mazoezi hayahitaji kibali, watu walikuja kuyatazama. Walijaa vitini, kwenye ngazi, madirishani, maelfu kwa maelfu katika siku chache. Fikiria fahari hiyo: mchezo ambao haukuwahi kuzinduliwa, ukatazamwa na umati ambao michezo iliyozinduliwa kwa zulia jekundu haikuuota. Mazoezi nayo yalipigwa marufuku, na Machi 1982 polisi wakatumwa Kamirithu wakiwa kwenye malori, wakaubomoa ukumbi wa mianzi hadi chini. Baadaye chuo cha ufundi kilijengwa mahali hapo. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, ambako waliendelea na kazi ileile ya kuigiza na watu wa kawaida.

Miaka hiyohiyo, upande wa Tanzania, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakifanya jambo linalofanana katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza: wanakijiji wakachagua tatizo lao wenyewe, mimba za wasichana, wakalitengenezea ngoma na maigizo, na mijadala ikafuata palepale uwanjani. Hakuna aliyekuja na malori huko. Tofauti hiyo inastahili makala yake.

Sina ugomvi na mafunzo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, kimetoa wasanii ambao bila wao jukwaa la Tanzania lingekuwa maskini. Mafunzo humpa mwigizaji namna ya kurudia kesho alichokipata leo, na humlindia koo na magoti. Ninachokipinga ni mazoea yanayozidi kukua mijini mwetu, ya kumwona asiyesomea kuwa mgeni jukwaani, wa kualikwa siku ya tamasha la vipaji, apewe dakika tatu, apigiwe makofi ya huruma na kurudishwa alikotoka. Vikundi hufanyia mazoezi ndani, mlango umefungwa, na mtaa huona mabango tu. Kwaya za makanisani na vikundi vya kasida na dufu ndivyo vilivyobaki na mlango wazi, na si ajabu kwamba huko ndiko utakakowakuta mafundi cherehani na wauza mboga wakisimama mbele za watu bila woga.

Mei 2022, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku, Ngaahika Ndeenda ilirudi Kenya, katika Ukumbi wa Taifa uleule uliowafungia milango watu wa Limuru. Iliigizwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, na waigizaji wa kulipwa, wenye majina, wenye taa na vipaza sauti. Nilifurahi kwa moyo wote kusikia imerudi, na wale wasanii walistahili kila tiketi iliyouzwa. Ngugi wa Thiong'o alifariki Mei 2025 huko Marekani, akiwa amejua kwamba mchezo wake umesimama tena nyumbani.

Sasa natamani urudi na Limuru. Usaili ufanyike uwanjani, Jumamosi mchana, wajukuu wa wale wafanyakazi wa Bata wakiwa kwenye foleni na wauza viazi na madereva wa bodaboda. Mazoezi yawe nje miezi minne. Na bibi yeyote anayeujua wimbo wa harusi wa zamani aruhusiwe kumsimamisha mwigizaji katikati ya tukio, amwambie bibi harusi hapokewi hivyo mwanangu, kisha ainuke mwenyewe amwonyeshe.